Alama Isiyofutika: Nyundo ya Sindano na Usalama wa Nyama

Ukipita buchani asubuhi, huenda ukaona paja la ng'ombe limening'inizwa kwenye ndoano, na juu ya mafuta yake pamepigwa mhuri wa wino. Mhuri huo hupigwa machinjioni na mkaguzi wa nyama. Maana yake ni kwamba mkaguzi ameitazama nyama hiyo kwa makini, akaona kuwa inafaa kuliwa na watu.

Mhuri wa buchani hujibu swali moja: Je, nyama hii imekaguliwa? Lakini liko swali la pili, ambalo mkaguzi mwenyewe hujiuliza kila anapokuta dalili za ugonjwa ndani ya mnyama aliyechinjwa: Je, mnyama huyu alitoka kwa nani? Mnyama hawezi tena kujibu. Mwenye mali huenda yuko mbali, na wanyama wa wafugaji wengi wamechanganyika machinjioni. Katika somo hili tutajifunza habari za kifaa kidogo cha mkono ambacho huitia nyama alama ya wino ndani ya ngozi, ili swali hilo la pili lipate jibu.

Kwa nini alama ya juu haitoshi

Ng'ombe huweza kutiwa chapa ya moto au kuvikwa hereni yenye namba sikioni. Akichinjwa, ngozi yake huchunwa. Nguruwe hutengenezwa kwa njia nyingine. Katika machinjio mengi makubwa ya Ulaya, nguruwe hachunwi ngozi. Baada ya kuchinjwa, mwili wake hutumbukizwa katika maji ya moto yenye joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi, kwa muda wa dakika 5 au 6. Maji hayo hulegeza manyoya. Kisha mwili huingizwa katika mashine inayoukwangua mpaka manyoya yatoke, na mwishowe hupitishwa katika ndimi za moto ili vinyweleo vilivyobaki viungue.

Sasa fikiri. Kama mfugaji angempaka nguruwe wake namba ya rangi mgongoni, rangi hiyo ingebaki wapi? Maji ya moto yangeilainisha, mashine ingeikwangua, na moto ungemaliza kazi. Hereni ya kawaida nayo yaweza kung'oka au kuyeyuka. Basi ilibidi watu wavumbue alama inayokaa mahali ambapo maji ya moto, mashine na ndimi za moto havifiki.

Tabaka za ngozi

Mahali hapo ni ndani ya ngozi yenyewe. Ngozi ya nguruwe, kama ngozi yako, ina tabaka mbili.

Tabaka la juu ni jembamba. Sehemu yake ya nje kabisa ni chembe hai zilizokwisha kufa. Kila siku chembe hizo hubanduka na kupotea, na chini yake huzaliwa nyingine za kuchukua nafasi zao. Ukijisugua kwa dodoki unapooga, baadhi ya uchafu unaotoka ni ngozi hiyo iliyokufa. Kwa binadamu tabaka hili hujibadilisha lote kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ndiyo maana wino wa kalamu uliokuchafua kidoleni hutoweka, hata kama hukuuosha vizuri.

Tabaka la ndani ni nene na imara zaidi. Humo mna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na mizizi ya nywele. Tabaka hili halibanduki. Kitu kinachoingia humo na kutulia huweza kukaa miaka mingi.

Wahenga wetu waliifahamu siri hii muda mrefu kabla ya vitabu vya sayansi. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walikuwa wakichanja chale usoni na mwilini, kisha wakapaka mkaa uliosagwa ndani ya majeraha hayo. Jeraha lilipopona, mkaa ulibaki chini ya ngozi, na mchoro ule haukufutika mpaka mtu alipozeeka na kufa.

Kwa nini mkaa au wino hauondoki? Punje zake zinapoingia katika tabaka la ndani, chembe hai zinazoulinda mwili huzimeza, kama zinavyomeza vijidudu. Kijidudu kikimezwa huweza kusagwa na kuharibiwa. Punje ya kaboni haisagiki. Basi mlinzi huyo hubaki mahali pake, akiwa amebeba punje tumboni mwake. Naye akifa, mlinzi mwingine huimeza punje ile ile. Hivyo alama hukaa palepale.

Jinsi nyundo ya sindano ilivyoundwa

Kifaa chetu hutumia siri hiyo hiyo. Kwa umbo hufanana na nyundo nyepesi, nasi katika somo hili tutakiita nyundo ya sindano. Kina sehemu kuu tatu.

Sehemu ya kwanza ni mpini, ambao mtu huushika kwa mkono mmoja. Urefu wake humwezesha mfanyakazi kusimama hatua moja kando ya mnyama bila kuinama.

Sehemu ya pili ni kichwa, ambacho ni kipande cha chuma chenye nafasi zilizopangwa kwa safu. Katika nafasi hizo huingizwa herufi na tarakimu. Mfugaji huweza kuzitoa na kuzibadilisha.

Sehemu ya tatu ni sindano zenyewe. Kila herufi na kila tarakimu imetengenezwa kwa sindano nyingi fupi, zilizosimama karibu karibu kufuata umbo lake. Ukitazama tarakimu 7, kwa mfano, utaona safu ya sindano zinazokwenda kwa ulalo juu, na safu nyingine zinazoteremka kwa mshazari. Jambo moja huwashangaza wengi wanapokitazama kichwa hicho kwa mara ya kwanza: maandishi yake yamegeuzwa, kama yanavyoonekana ndani ya kioo. Yamefanywa hivyo kwa makusudi. Mhuri wowote ulioandikwa kinyume huacha maandishi yaliyo sawasawa.

Pamoja na nyundo huwapo kisahani chenye wino mzito. Wino huo lazima uwe wa aina isiyodhuru chakula, kwa kuwa utabaki ndani ya nyama. Aina moja hutiwa rangi kwa punje ndogo mno za kaboni, yaani kitu kile kile kinachoyafanya masizi ya sufuria yawe meusi.

Jinsi inavyofanya kazi

Mfanyakazi hubonyeza kichwa cha nyundo katika kisahani cha wino mpaka sindano zote zilowe. Kisha humpiga nguruwe begani pigo moja la haraka na lililonyooka. Sindano huingia na kutoka mara moja. Zinapoingia huchukua wino pamoja nazo. Zinapotoka, ngozi huzibana na kuupangusa wino huo, nao hubaki ndani ya matundu madogo.

Mbona pigo jepesi hutosha kuipenya ngozi ngumu? Ukikata muwa kwa panga butu, nguvu ya mkono wako hutawanyika juu ya ubapa mpana, na muwa haukatiki. Ukilinoa panga, nguvu ile ile hukusanyika mahali pembamba, na muwa hukatika. Vivyo hivyo ncha ya sindano huikusanya nguvu ya pigo mahali padogo sana. Sindano zikiwa butu, mfanyakazi hulazimika kupiga kwa nguvu zaidi. Hapo mnyama huumia bure, nyama huvilia damu, na alama haisomeki.

Kwa hiyo yako mambo manne ya kuzingatia. Sindano ziwe kali na zisiwe na zilizopinda. Wino uwe wa kutosha. Ngozi iwe safi na kavu, maana tope huzuia wino kuingia. Tena kichwa cha nyundo kisafishwe vizuri, kwa sababu sindano chafu huweza kuhamisha vijidudu kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Nguruwe husikia maumivu kama sisi. Mfanyakazi hodari humtuliza kwanza, humpiga mara moja tu, naye humwacha aende zake.

Nchini Uingereza kila kundi la nguruwe huandikishwa na kupewa alama yake, yenye herufi moja au mbili zikifuatwa na tarakimu 4. Nguruwe wanaopelekwa machinjioni huweza kupigwa alama hiyo kwa nyundo ya sindano kwenye mabega yote mawili. Kwa nini mawili? Mwili wa nguruwe hupasuliwa katikati kuwa pande mbili, na kila upande unapaswa kuweza kusema ulikotoka. Denmaki pia, nchi inayouza nyama nyingi ya nguruwe ng'ambo, nguruwe wa kuchinjwa huchorwa namba ya mfugaji.

Mwili unapotoka katika maji ya moto, mashine na ndimi za moto, sehemu kubwa ya tabaka la juu la ngozi huwa imekwisha kuondoka. Tabaka la ndani hubaki. Manyoya yakiwa yametoka na ngozi ikiwa nyeupe, alama nyeusi huonekana wazi zaidi kuliko ilivyokuwa mnyama alipokuwa hai.

Jaribio

Vifaa: kiazi mbatata kimoja kibichi, wino au masizi yaliyochanganywa na maji kidogo, mwiba mrefu, kijiti, maji na kitambaa.

Njia:
1. Kwa kijiti kilicholowa wino, chora herufi A juu ya ganda la kiazi.
2. Upande wa pili wa kiazi, andika herufi A kwa kudunga. Chovya mwiba katika wino kila unapodunga tundu.
3. Ngoja dakika 15, kisha osha kiazi na ukisugue kwa kitambaa.
4. Menya ganda la pande zote mbili, jembamba iwezekanavyo.

Matokeo: Herufi iliyochorwa hufifia inaposuguliwa, nayo huondoka pamoja na ganda. Herufi iliyodungwa hubaki katika kiazi, ikiwa safu ya nukta nyeusi.

Angalizo: Kiazi hicho kisiliwe. Usijidunge wala usimdunge mwenzako kwa mwiba au sindano. Sindano iliyoingia mwilini mwa mtu huweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini.

Habari ya mwaka 2001

Tarehe 19 Februari 2001, katika machinjio moja ya jimbo la Essex, kusini mashariki ya Uingereza, nguruwe kadhaa walionekana wana malengelenge. Siku iliyofuata ilithibitishwa kwamba walikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Ugonjwa huu, ambao wafugaji wa Afrika ya Mashariki wanaufahamu vizuri, kwa kawaida hauwadhuru watu, lakini huenea upesi sana miongoni mwa ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe.

Mara moja wataalamu walikabiliwa na swali letu la pili: wanyama hawa walitoka wapi? Walikwenda katika mashamba yaliyopeleka nguruwe katika machinjio ile. Mashamba ya wale nguruwe walioonekana kwanza kuwa wagonjwa yalikutwa salama. Walipoendelea kufuata nyayo, walifika katika shamba moja la nguruwe huko Northumberland, upande wa kaskazini, karibu kilomita 400 kutoka Essex. Huko walikuta wanyama ambao walikuwa wameugua kwa siku nyingi bila taarifa kutolewa.

Jibu lilipatikana katika muda wa siku chache, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutangulia. Ulikuwa umewaingia kondoo wa jirani, nao kondoo walikuwa wamepelekwa minadani na kutawanyika sehemu nyingi za nchi. Kumfuata kila kondoo ilikuwa kazi ngumu mno. Mgonjwa wa mwisho alionekana tarehe 30 Septemba 2001. Kufikia wakati huo wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa ili kuukomesha ugonjwa, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote.

Habari hii yatufundisha kwamba alama peke yake haizuii maradhi. Alama huonyesha njia; kuifuata upesi na kutoa taarifa bila kuficha ni kazi ya watu.

Tegu na kifafa

Hapa kwetu liko tatizo jingine linalotaka jibu la swali lile lile. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania, kama Mbulu na Mbozi, wataalamu wamekuta nguruwe wenye vifuko vya tegu ndani ya nyama yao. Kila kifuko ni cheupe, kina maji, nacho ni kidogo mfano wa punje ya hindi.

Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva sawasawa, kifuko huweza kukua kuwa tegu ndani ya utumbo wake. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo. Pasipo na vyoo, nguruwe wanaozurura huyala, na vifuko vipya hufanyika katika miili yao. Lakini hatari kubwa zaidi ni hii: mtu naye akiyameza mayai hayo, kwa maji machafu, mboga zisizooshwa au mikono michafu, vifuko huweza kufanyika ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa. Hata mtu asiyekula nyama ya nguruwe kabisa, kwa sababu ya dini yake au kwa hiari yake, huweza kupatwa na kifafa cha namna hii. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi nyingi ambamo tegu huyu yupo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wameugua kwa sababu yake. Kifafa hiki, basi, hakitokani na pepo wala laana. Hutokana na mdudu, na mdudu huyo huzuilika.

Fikiri mkaguzi amevikuta vifuko katika nyama ya nguruwe. Akiikataa nyama hiyo, amewaokoa walaji wa siku ile. Lakini nyumbani alikotoka nguruwe huyo, huenda yupo mtu mwenye tegu tumboni, na hajui. Huenda choo hakipo. Huenda watoto wanacheza palepale penye mayai. Iwapo mnyama ana alama, mganga wa mifugo na mhudumu wa afya huweza kufika katika nyumba hiyo, kumtibu mgonjwa, na kuwashauri watu wachimbe choo na kuwafungia nguruwe bandani. Iwapo mnyama hana alama, njia huishia mlangoni mwa machinjio.

Kwa sababu ya haja kama hiyo Tanzania ilitunga mwaka 2010 sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Hata hivyo sheria humfikia mnyama aliyepelekwa machinjioni. Vijijini nguruwe wengi huchinjwa nyumbani, mahali pasipo na mkaguzi wala mhuri. Huko ulinzi umo mikononi mwetu: kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni, kuwafungia nguruwe, kumwita mkaguzi, na kupika nyama mpaka iive hadi ndani.

Maswali

1. Mhuri wa buchani hujibu swali gani? Alama ya nyundo ya sindano hujibu swali gani?
2. Kwa nini wino uliopakwa juu ya ngozi hutoweka, na ule ulioingizwa ndani hubaki?
3. Kwa nini herufi za kichwa cha nyundo hugeuzwa? Andika jina lako kwenye karatasi, kisha ulitazame katika kioo.
4. Eleza kwa nini sindano kali huingia kwa pigo jepesi.
5. Kwa nini nguruwe hupigwa alama kwenye mabega yote mawili?
6. Mwaka 2001 huko Uingereza jibu lilipatikana katika siku chache, lakini ugonjwa ulienea. Taja sababu mbili.
7. Rafiki yako asema: "Mimi sili nyama ya nguruwe, kwa hiyo tegu hanihusu." Utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani: Nenda na mzazi au mlezi wako buchani. Tafuta mhuri juu ya nyama, uchore umbo lake katika daftari lako, kisha umwulize muuzaji kwa heshima kama anajua mnyama yule alitoka wapi. Eleza darasani jibu ulilopewa.